Kijana wa kipaimara aliniuliza kuhusu Hosea 11, nami sikuwa na jibu

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo, Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Morogoro, na huu ni mwaka wa 12 nikifundisha darasa la kipaimara katika usharika wetu kwa kujitolea. Kazi hii ni kama nimeirithi kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa mwinjilisti kwa zaidi ya miaka 30. Aliniachia Biblia yake, ile ya tafsiri ya 1952, ambayo kando ya mistari mingi ya Isaya, Yeremia, Hosea, Mika na Zekaria ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja tu: LIMETIMIA. Kwa kufuata alama hizo nilitengeneza orodha, upande mmoja maneno ya nabii, upande wa pili mahali yalipotimia katika Injili, na kila Majilio nawagawia wanafunzi. Siku ya sikukuu ya watoto, mmoja husoma nabii, mwenzake humjibu kwa Injili, na usharika mzima huitikia, "Limetimia!" Watu huipenda sehemu hiyo kuliko hata nyimbo.

Mwaka huu nilimpa kijana mmoja wa miaka 14 mstari wa Hosea 11:1, "Israeli alipokuwa mtoto, nalimpenda, nikamwita mwanangu atoke Misri," ambao Mathayo anauleta katika sura ya 2, pale Yosefu anapomchukua mtoto na mama yake kukimbilia Misri. Jumamosi iliyofuata kijana alinyoosha mkono na kuniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nimesoma na mstari wa pili. Unasema hao walioitwa waliwatolea Mabaali dhabihu na kufukizia sanamu uvumba. Sasa kama mwana ni Yesu, Yesu aliabudu sanamu lini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo imekwisha kupita mara tatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma sura nzima badala ya mstari mmoja mmoja, na kila ninapofungua naona jambo lile lile. Isaya 7 inamhusu mfalme Ahazi na vita vya jirani zake. Raheli anayelia katika Yeremia 31 analilia watu waliochukuliwa mateka, na mistari inayofuata inasema watarudi. Mtumishi wa Isaya 53, ambaye tangu utotoni nilijua ni nani, katika sura ya 49 anaitwa Israeli waziwazi. Mpwa wangu, nilipomgusia habari hii, alinitumia hotuba ya rabi mmoja anayesema kwamba neno la Kiebrania katika Isaya 7:14 ni "alma", yaani mwanamke kijana, na kwamba Wakristo ndio waliolibadilisha likawa "bikira" ili lifanane na habari za Mariamu. Nilimaliza hotuba ile nikiwa natetemeka.

Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, usiwachanganye watoto. Hayo ni ya chuoni." Jibu hilo liliniumiza kuliko kama angenikemea, kwa sababu maana yake ni kwamba analijua jambo lenyewe.

Sikukuu imebaki wiki tatu. Nikiwasimamisha watoto waitikishe usharika "Limetimia!", nitakuwa nadanganya madhabahuni. Nikikataa, itabidi nieleze, na mchungaji atajua nimempuuza. Nimefikiria kusema ninaumwa na kuacha darasa kimyakimya. Lakini linalonikosesha usingizi hasa ni ile kalamu nyekundu. Baba alikuwa mtu mkweli kuliko wote niliowahi kuwajua. Kama alidanganywa katika hili, alidanganywa katika mangapi mengine, na mimi nimewadanganya watoto wangapi kwa miaka 12?

Mwalimu, Morogoro

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwalimu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninaona ndani yake swali la usomaji na swali la moyo, yamesukwa pamoja kama ukili hata ukivuta moja jingine nalo linakuja. Unauliza manabii walisema nini hasa, na wakati huohuo unauliza kama baba yako alikuwa mkweli na kama wewe bado una haki ya kusimama mbele ya watoto. Nitaanza na usomaji, kwa sababu naamini sehemu ya uzito unaoubeba usiku imetokana na namna swali lenyewe lilivyowekwa.

Kijana wako amesoma sawasawa. Hosea aliishi katika karne ya 8 kabla ya Kristo, katika ufalme wa kaskazini, na katika mistari ile hatabiri jambo lolote lijalo: anakumbuka. Mungu anazungumza kama mzazi anayesimulia jinsi alivyomtoa mtoto wake utumwani, akamfundisha kutembea, akamshika mikono, na mtoto akamgeuzia mgongo. Hili halikugunduliwa na wapinzani wa Kanisa. John Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa, katika karne ya 16 alikiri kwamba maneno ya nabii yanahusu taifa la Israeli, na hakuna aliyemvua ualimu kwa hilo.

Swali linalofuata, basi, ni kama Mathayo naye aliliona. Mimi nadhani aliliona, na nitakueleza kwa nini. Mara nyingi Mathayo hutumia maandiko kama yalivyo katika tafsiri ya Kigiriki iliyosomwa na Wayahudi wa zama zake, lakini katika mstari huu tafsiri hiyo inasema Mungu aliita "watoto wake" kutoka Misri, kwa wingi. Mathayo anaiacha na kufuata Kiebrania chenye "mwanangu". Mtu anayechagua kwa uangalifu namna hiyo ni vigumu kuamini kwamba hakujua mstari wa pili unasema nini. Sasa tazama anavyoendelea kusimulia: mtoto anatoka Misri, anapita majini kwa ubatizo, anakaa jangwani siku 40 kama Israeli walivyokaa miaka 40, anajaribiwa kwa mkate na kwa ibada ya asiyestahili, na kila mara anajibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kitabu cha safari ile ya jangwani. Mathayo anamwonyesha Yesu akiitembea upya njia ya watu wake. Kwa usomaji huo, swali la kijana linaangukia penyewe kabisa: mwana wa kwanza aliitwa akaenda kwenye Mabaali, na Mathayo anataka tumwone mwana anayeitwa vilevile na kujaribiwa vilevile, asiende huko.

Nakuomba uangalie pia neno ambalo baba yako aliliandika. Sisi Waswahili hatutumii "kutimia" kwa utabiri tu. Tunasema mtoto ametimiza miaka 14, na hakuna aliyetabiri. Tunasema idadi imetimia, mahari imetimia. Ni kujaa kwa kitu kilichokuwa kimeanza na hakijafika ukingoni. Neno la Kigiriki ambalo Mathayo analitumia nalo ni la kujaza, kama chombo kinavyojazwa. Sikulazimishi ukubali kwamba Yesu anaijaza habari ya Hosea. Myahudi anayeisoma sura ile haoni upungufu wowote unaohitaji kujazwa, na ana haki yake. Ninachokuomba ni usidhani kwamba neno "limetimia" lina maana moja tu, ile ya mtabiri aliyepatia, kisha ukamhukumu baba yako kwa maana hiyo. Siku hizi tumezoea kumwita nabii yule anayetaja mambo yajayo, na orodha zetu za Majilio zimeathiriwa na mazoea hayo kuliko tunavyojua.

Kusoma namna hii hakukuwa ujanja wa Wakristo peke yao. Katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947 yalipatikana magombo ya Kiyahudi, na mojawapo ni ufafanuzi wa kitabu cha Habakuki. Mwandishi wake anachukua maneno ya nabii mstari kwa mstari na kuyasoma kuwa habari za jumuiya yake mwenyewe, mwalimu wao na adui zao, ingawa Habakuki aliishi mamia ya miaka kabla yao. Mathayo alikuwa Myahudi akisoma kama Wayahudi wa wakati wake walivyosoma. Na Yohana anakiri kwa uwazi unaonishangaza kila ninapoufikia: katika sura ya 12, baada ya kutaja punda wa Zekaria, anasema wanafunzi hawakuyafahamu mambo hayo mwanzoni, walikumbuka baadaye, Yesu alipokwisha kutukuzwa. Hawakushika orodha mkononi wakimsubiri atakayelingana nayo. Walikutana naye kwanza, ndipo wakarudi kwenye maandiko wakamwona mle.

Kuhusu "alma", rabi uliyemsikia ana ukweli mkubwa, ila sentensi yake ya mwisho haisimami. Wewe uliyeko Uluguruni unalijua neno "mwali". Tukisema mwali, tunataja hatua ya maisha ya binti, aliyevunja ungo na kuwekwa ndani. Tunatarajia ni bikira, lakini neno lenyewe halikuundwa kupima hilo. "Alma" iko karibu na hapo. Rebeka anaitwa hivyo katika Mwanzo 24, na katika sura hiyohiyo anaitwa pia kwa neno jingine, "betula", ambalo ndilo hutumika zaidi kwa ubikira. Waliotia neno la Kigiriki "parthenos" katika Isaya 7:14 walikuwa Wayahudi, zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, kwa hiyo Wakristo hawakulibadilisha, walilikuta. Tena hata "parthenos" si kufuli, kwani tafsiri hiyohiyo inamwita Dina, binti Yakobo, kwa neno hilo katika Mwanzo 34 baada ya kubakwa. Ubishi huu wenyewe ni mkongwe: katikati ya karne ya 2 Justin Shahidi, mwandishi Mkristo, aliandika mjadala wake na Myahudi aitwaye Trypho, na Trypho anatoa hoja ileile ya rabi wako.

Mambo ya Ahazi nayo ni kama ulivyoyasoma. Yapata mwaka 734 kabla ya Kristo, wafalme wa Shamu na wa Israeli wanaikaribia Yerusalemu, na moyo wa mfalme unatikisika kama miti ya msituni. Isaya anamkuta kwenye mfereji wa birika la juu, penye njia ya uwanja wa dobi, na kumwambia kwamba kabla mtoto atakayezaliwa hajajua kukataa mabaya, nchi za wafalme hao wawili zitakuwa zimeachwa. Ishara ya kuzaliwa baada ya miaka 700 isingemfaa Ahazi kitu jioni ile. Dameski, mji mkuu wa Shamu, ulianguka mwaka 732. Mkristo anaweza kusema kwamba jina Imanueli lilibaki likingoja mtu wa kulibeba kikamilifu. Myahudi atasema lilikwisha kubebwa. Zingatia tu kwamba Luka anasimulia kubebwa kwa mimba ya Mariamu bila kuutaja mstari huu hata mara moja. Imani hiyo haikuning'inizwa juu ya neno moja la Kiebrania, na kwa hiyo haidondoki neno hilo likitikiswa.

Isaya 53 ndiyo ngumu kuliko zote, nami sitajifanya nimeimaliza. Swali lako liliulizwa na Mwafrika mmoja garini, kwenye njia ya Gaza, katika Matendo 8: nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine? Towashi yule Mkushi hakukemewa kwa kuuliza. Filipo alipanda akakaa naye. Origen, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, anaandika kwamba Wayahudi aliojadiliana nao walimwambia mtumishi ni taifa zima lililotawanyika. Lakini tafsiri ya kale ya Kiaramu ya kitabu cha Isaya inamwita mtumishi huyo Masihi, ingawa mateso yake inayahamishia kwa wengine. Kwa hiyo anayekwambia Wayahudi wote siku zote wamesoma hivi, au Wakristo pekee ndio waliomwona Masihi pale, anapunguza historia. Halafu kuna Rashi wa Troyes, mfafanuzi mashuhuri wa Kiyahudi wa maandiko, aliyekuwa mtu mzima mwaka 1096, wapiganaji wa msalaba walipowachinja Wayahudi wa Worms na Mainz, miji aliyosomea ujanani. Naye alimsoma mtumishi anayepelekwa machinjoni kuwa ni Israeli. Huwa nikifika hapo nanyamaza kidogo.

Nalitaja hili kwa sababu orodha kama yako ina historia, ingawa wewe hukuijua. Mwaka 1263 huko Barcelona, mbele ya mfalme James I wa Aragon, rabi Moses ben Nahman alilazimishwa kujibu hoja kwamba Masihi amekwisha kuja, na baada ya mjadala hatimaye ilimbidi aiache nchi yake. Kilichoanza kama furaha ya waamini waliomtambua Bwana wao katika maandiko kiligeuzwa fimbo ya kumwambia Myahudi kwamba hajui kusoma kitabu chake. Hata usomaji wa Mathayo niliokupa hapo juu unaweza kugeuzwa fimbo hiyo, tukisema "Israeli walishindwa" kana kwamba sisi tumefaulu. Mwaka 2001 Tume ya Kipapa ya Biblia ilikiri kwamba namna ya Wayahudi ya kuyasoma maandiko yao ni usomaji unaowezekana, sambamba na wa Kikristo. Wewe huenda si Mkatoliki, lakini nadhani sentensi hiyo ingekupa usingizi.

Sasa nije kwenye wiki zako tatu. Unasema utakuwa unadanganya madhabahuni, nami nakuuliza kwa upole: je, uongo uko katika neno "limetimia", au katika kulitamka bila kueleza unamaanisha nini? Kama ni hilo la pili, kuna nafasi ya kubakiza igizo na kubadili maelezo, kwa mfano kumwacha msomaji aseme kwanza nabii alikuwa anazungumza na nani siku ile, kabla ya mwenzake kujibu kwa Injili. Hatari yake ni kwamba mzee mmoja wa kanisa anaweza kusikia kama unaukana Uungu wa Kristo, na watoto ndio watakaoulizwa nyumbani; usiwatume kusema ambacho wewe hujakisema mbele ya mchungaji. Unaweza pia kupunguza orodha mwaka huu na kubaki na mistari ambayo dhamiri yako inaisoma bila kujikwaa, kama Mika 5 na Bethlehemu, jambo ambalo halitamkera mtu, ila kijana wako atagundua kwamba mstari wake umeondolewa, naye atajipatia jibu lake mwenyewe juu ya sababu.

Kuhusu kusema unaumwa, ninakuelewa, na kupumzika si dhambi. Ila ungekuwa unaondoka kwa sababu ya ukweli huku ukitumia uongo kama mlango, na mtu mwenye dhamiri kama yako sijui angekaa nao muda gani. Ikiwa unahitaji kupumzika, neno "nahitaji muda wa kusoma" linatosha, ingawa huenda wakakupa maswali.

Mchungaji wako simjui. Inawezekana alikufungia mlango. Inawezekana pia alikuwa na mazishi saa nane na kikao saa kumi, na "hayo ni ya chuoni" ilikuwa namna yake mbaya ya kusema kwamba na yeye aliwahi kutetemeka mbele ya kitabu hikihiki, akiwa peke yake, na hajapata wa kuzungumza naye tangu amalize masomo. Ungeweza kumrudia bila kumwomba ruhusa ya kufundisha lolote, ukimwuliza tu, "Baba Mchungaji, wewe ulipolijua hili ulifanyaje?" Akikataa tena, utakuwa umejua jambo ambalo sasa unalikisia tu, na uamuzi wako utasimama juu ya kitu kigumu zaidi.

Baba yako sasa. Unasema alidanganywa. Sidhani barua yako inathibitisha hivyo. Inathibitisha kwamba aliwasoma Isaya na Zekaria, vitabu ambavyo wengi tunavipita, kwa makini ya kutosha kuweka alama mstari baada ya mstari, na kwamba kila aliposoma alimwona Yesu anayempenda. Kama angeulizwa na yule kijana, mimi na wewe hatujui angejibu nini. Jambo moja ningependa ulitazame ukiwa umetulia: je, katika Biblia ile kuna alama yoyote karibu na mistari inayofuata, Hosea 11:2, au Isaya 7:16, au Yeremia 31:16? Usitafute ili umhukumu. Mtu aliyesoma miaka 30 huenda aliiona mistari hiyo na kuishi nayo kwa namna ambayo hakuisema.

Kwa kijana, wiki ijayo imepita mara tatu, na hilo nadhani halihitaji kusubiri sikukuu. Huna haja ya kuwa na jibu lote. Unaweza kumwambia kwamba umesoma, kwamba amesoma sawasawa, na kwamba watu wamelibishania jambo hili kwa karibu miaka 2,000. Mkikaa naye, au na darasa zima, msiishie mstari wa pili kama nilivyoishia mimi katika barua hii. Someni mpaka wa 8, pale mzazi yuleyule aliyetupwa anapojiuliza atawezaje kumwacha Efraimu, yaani Israeli, na moyo wake unageuka ndani yake. Ningefurahi uniandikie atakachouliza akifika hapo.

Mshauri wako